Vigingi kwenye diko letu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi mvuvi wa Makangale, Pemba. Wiki iliyopita tumekuta vigingi vya rangi nyekundu kuanzia kwenye mivinje hadi tunapoanika dagaa. Inasemekana inakuja hoteli. Tunalo la kusema, au ndiyo basi tena?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnalo, lakini lisemeni sasa, ukuta haujasimama. Kigingi si kibali. Kwa Sheria ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais. Mwekezaji hukodishwa tu. Na Sheria ya Mazingira ya 2015 inataka mradi mkubwa ufanyiwe kwanza tathmini ya athari. Nendeni kwa sheha, ombeni kuiona ramani, kisha andikeni barua, nakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA.

Nakuombeni sana, msiandike "pwani yetu ni nzuri" mkaishia hapo. Chukueni kamba mpime. Njia ya kushukia pwani ina upana gani? Ngalawa ngapi hupandishwa hapo wakati wa kusi? Chanja za dagaa ni ngapi, na za nani? Afisa anayepanga matumizi ya ardhi hawezi kulinda asichokiona kwenye karatasi yake.

Kijijini kwetu Unguja hatukuandika kitu. Leo dada zangu wanauzunguka ukuta karibu nusu saa, magunia ya mwani mbichi kichwani, maji ya chumvi yakiwachuruzika mgongoni. Mwezi huu huu, mwanangu, nendeni.