Kabla ya kununua skrini ya kubeba, anza na laptopu yako

Mimi ni mtafsiri, na kazi yangu hainiruhusu kuwa na ukurasa mmoja tu mbele ya macho. Kiingereza kinakaa kushoto, Kiswahili kulia, kutwa nzima. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, kazi za aina hii zimenijia kwa wingi, na skrini ya inchi 14 ikawa hainitoshi tena. Ukizibana kurasa mbili humo, herufi zinakuwa kama punje za simsim. Ukizikuza, unabaki kusogeza ukurasa huku na huku mpaka sentensi uliyokuwa unaitafsiri inakuponyoka.

Monita kubwa ya mezani haikunifaa kwa sababu sikai mahali pamoja. Leo niko nyumbani Kireka, kesho kwa mteja Entebbe, wiki ijayo Malaba na mawakala wa forodha. Nikaamua kutafuta skrini nyembamba ya kuingia mkobani pamoja na laptopu.

Niliinunua katikati ya Kampala, kwenye jengo mojawapo la maduka madogo madogo ya vifaa vya elektroniki. Kijana wa dukani aliiwasha kwa laptopu yake, picha ikatoka safi. Nikamuuliza kama itakubali na yangu. Akainama, akatazama ubavuni, akaliona tundu la USB-C, akasema, "Nnyabo, si tundu ni lile lile?" Nikalipa. Usiku ule nilipoichomeka nyumbani iliwaka, ikaandika kwamba haipati picha, ikazima. Nikageuza waya, nikajaribu upande wa pili, nikawasha upya laptopu. Hakuna kitu. Asubuhi nikarudi dukani, nikaonyeshwa mstari ulio chini ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Iliniuma sana, maana fedha zile zilikuwa malipo ya wiki tatu za kazi.

Kosa halikuwa la skrini, kwani ilikuwa nzima kabisa. USB-C ni umbo la tundu tu, halikuambii ndani mna nini. Kuna matundu ya USB-C yanayopitisha data pekee, kuna yanayopitisha data na kuchaji, na kuna yanayoongeza picha. Uwezo huo wa picha huitwa DisplayPort Alt Mode. Tazama kando ya tundu: ukiona alama ya herufi D iliyoshikana na P, au alama ya radi ya Thunderbolt (aina ya tundu la umbo hilo hilo lenye kasi kubwa), picha itapita. Usipoona alama yoyote, andika jina kamili la laptopu yako kwenye intaneti, tafuta ukurasa wa sifa zake kwa mtengenezaji, na usome sehemu ya matundu neno kwa neno. Fanya hivyo ukiwa nyumbani, kabla hujashika njia ya mjini.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu Kampala tunanunua laptopu zilizokwisha kutumika nje, na hizo zinafanana mno. Weka laptopu ya Lenovo ThinkPad T460 ya 2016 kando ya T480 ya 2018, utadhani ni pacha. Ile ya kwanza haina USB-C hata moja, ina HDMI na mini DisplayPort, matundu mawili ya picha ya maumbo mengine. Ya pili ina tundu la Thunderbolt 3 linalobeba picha, data na umeme kwa waya mmoja. Na wenye MacBook Air ya M1 wajue kwamba inakubali skrini moja tu ya nje. Kwa wengi hiyo inatosha.

Basi mimi nikabaki na HDMI. Skrini nyingi za kubeba zina tundu dogo la mini HDMI, na laptopu nyingi za zamani zina HDMI ya kawaida, kwa hiyo nikanunua waya wa kuziunganisha. Picha ikaja. Lakini waya wa HDMI hauleti umeme wa kuiendesha skrini, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia: swali la umeme lina uzito kuliko la ukubwa wa kioo.

Skrini ya inchi 15.6 ya kawaida hula kama wati 6 hadi 10, kutegemea mwangaza ulioweka. Tundu la kawaida la USB 2.0 la laptopu limepangiwa kutoa wati 2.5, na la USB 3.0 wati 4.5. Mimi niliichomeka skrini kwenye tundu la namna hiyo. Mwangaza ukiwa chini kabisa ilitulia. Nilipoupandisha kidogo ilianza kupepesa, ikazima, ikajiwasha yenyewe, ikazima tena, huku nikiwa katikati ya mkataba wa kurasa arobaini. Nilidhani imeharibika. Nilipohamishia waya kwenye chaja ya simu ukutani, ilitulia tuli.

Sasa fikiria umeme ukatike, na sote tunajua unavyokatika. Chukua ile T480 yenye betri mbili za wati-saa 24 kila moja, jumla 48, yaani inaweza kutoa wati 48 kwa saa moja. Ikiwa laptopu inatumia wati 10 kwa kazi ya kuandika, una karibu saa tano. Ilishe na skrini ya wati 8 kupitia USB-C, matumizi yanafika 18, na unabaki na saa mbili na dakika arobaini. Hiyo ni betri mpya, nayo betri ya laptopu iliyokwisha kutumika miaka mitano haina hata hizo.

Dawa yangu ni pawabenki, betri ile ya kubeba ya kuchajia simu. Ya mAh 20,000 (kipimo kinachoandikwa juu yake) ina kama wati-saa 74 kwa hesabu ya betri yake. Toa zinazopotea njiani, bado zinabaki za kuiendesha skrini kwa saa saba hivi. Ila chunga jambo moja. Ukiunganisha skrini na laptopu kwa USB-C, kisha ukachomeka pawabenki kwenye tundu la pili la skrini, skrini nyingine hupitisha umeme ule hadi kwenye laptopu, nayo laptopu ikaanza kujichaji humo na pawabenki ikaisha mapema. Umeme ukikatika mimi hubaki na HDMI ile ile kwa picha, na hutumia tundu la USB la kawaida la pawabenki kwa umeme wa skrini. Hapo betri ya laptopu inabaki kwa laptopu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mwenzangu wa kazini, kijana wa Bukavu, kununua ya kwake. Nilimwambia abebe laptopu yake na waraka wake mwenyewe. Tulifungua ukurasa mweupe wenye herufi za ukubwa wa 11, tukachomoa chaja, tukapandisha mwangaza hadi mwisho, tukasubiri dakika kumi. Ya kwanza ilikuwa nzuri ukiitazama uso kwa uso, lakini alipohama kiti kidogo weupe ule ukageuka njano chafu. "Yaya, hii hapana," akasema. Ndivyo zilivyo skrini za TN, aina ya kioo cha bei nafuu, rangi hubadilika ukizitazama kwa pembeni. Kioo cha aina ya IPS hakina tatizo hilo, na ukiwa na skrini mbili lazima moja uitazame kwa pembeni. Tulijaza pia kioo chote rangi nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyekundu, tukitafuta nukta zilizokufa, zisizobadilika rangi. Tukachukua ya pili.

Mengine hayanisumbui sana. Pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kwa maandishi. Ukipata 1920 kwa 1200 ni bora zaidi, kwa kuwa mistari kadhaa ya ziada huonekana chini ya ukurasa. 4K, yenye pikseli mara nne ya hizo za kwanza, kwenye kioo kidogo hivi inakula umeme bure. Spika zake ni dhaifu, usizilipie. Mwangaza wa niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) unafaa ndani ya nyumba, lakini anayependa kufanyia kazi barazani atafute 300 au zaidi, na kioo kisichong'aa, la sivyo atakuwa anautazama uso wake mwenyewe. Kuhusu mguu wa kuisimamishia, mimi napendelea wa chuma uliofungwa mgongoni. Jalada la kukunja huteleza, hasa juu ya meza ya mkahawa yenye kitambaa cha plastiki.

Mkobani, kioo cha skrini kinatazama mgongo wa laptopu, na kati yao naweka kanga iliyokunjwa. Chaja ina mfuko wake kando, kwa sababu kwenye bodaboda shimo moja tu la barabara linatosha kuigongesha chaja kwenye kioo. Na waya wa USB-C wa picha, ingawa laptopu yangu ya sasa haiutumii, nimeufunga uzi mwekundu. Nyumbani kwangu nyaya za USB-C ni sita, nyingi zilikuja na simu, na hizo huchaji vizuri lakini hazipitishi picha. Ni huo mmoja wenye uzi ndio unaopitisha.