Machela ikikunja miguu na mgonjwa yuko juu, nani analipa?

Mkuu, nimekuelewa hivi: mkiwa mnamshusha mgonjwa kutoka gari la wagonjwa mlangoni pa dharura, machela ikakunja miguu ya upande wa kichwa, bega la mgonjwa likaumia, na monita (mashine ya kufuatilia hali ya mgonjwa) iliyowekwa miguuni pake ikaanguka ikapasuka kioo. Hospitali ni ya binafsi, inataka nesi na dereva wakatwe mshahara. Zamu iliyotangulia inajitetea kwamba iliwaambia kwa mdomo loki inasumbua.

Nianze na hela. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 hakimruhusu mwajiri kuamka asubuhi na kukata. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, na akupe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Pia deni linahitaji ukubali kwa maandishi, ndiyo maana watu huletewa karatasi ya kusaini siku hiyohiyo wakiwa bado wanatetemeka. Msisaini. Ombeni kwanza mchanganuo: monita iliyotumika miaka sita haihesabiwi kwa bei ya mpya. Wakikata kibabe, fungueni mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60.

Mgonjwa ni habari nyingine. Akidai fidia atamshika mwajiri, kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mtumishi aliyekuwa kazini. Ila mwajiri naye atauliza nani alikagua, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumwita nesi peke yake bila kujali kesi ya fidia imeishaje. Hapo kila mtu atafungua daftari la makabidhiano. Kama limeandikwa "vifaa vyote OK" na sahihi yako ipo chini, maneno ya mdomo ya zamu iliyopita hayakuokoi. Wao nao hayawaokoi, kwa sababu wamekiri walijua na wakaiacha machela ndani ya gari.

Sasa machela yenyewe. Hizi za aluminiamu zinazokunja miguu zenyewe, zilizojaa kwenye Hiace na Hardtop zetu, hufa kwa sababu zilezile. Mchanga na chumvi ya pwani huingia kwenye maungio. Damu na dripu iliyomwagika hukaukia kwenye springi. Waya wa kufyatulia hulegea, na pini ya loki inaingia nusu tu. Mguu hupinda kidogo kwa kusukumwa dhidi ya bampa. Sababu ambayo watu hawaishuku ni klorini: mnachanganya Jik ya 3.5% kwa kipimo 1 na maji 6 kupata 0.5%, mnafuta, mnaondoka. Hiyo iachwe dakika 10 kisha ifutwe kwa maji safi, la sivyo inakula springi na riveti polepole. Mashine ya kuoshea magari nayo inafukuza grisi yote kwenye maungio. Na msipulize mafuta ya kawaida kwenye loki, yanakusanya vumbi; tumieni silikoni kavu.

Kuikagua ni kazi ya dakika tatu, ila lazima itoke nje ya gari. Machela iliyosimama ndani haikuambii lolote. Ivuteni tupu hadi miguu ya upande wa kichwa ishuke, msikie mlio wa loki, kisha mtu ainame aone pini zote mbili zimeingia. Mlio peke yake hautoshi, maana pini ya kushoto inaweza kutoa mlio huku ya upande wa kulia imening'inia. Halafu lalia kila ncha kwa uzito wa mwili na uitikise kwa nguvu. Loki mbovu hushika vizuri bila uzito na kuachia ikipata mzigo, kwa hiyo kuitazama tu ni kujidanganya. Rudieni mara tatu. Angalieni pia ndoano ya usalama kwenye sakafu ya gari: ndiyo inayoizuia machela isitoke moja kwa moja kabla miguu haijashika. Magari mengi niliyoyaona ndoano imefungwa kwa waya au imeng'olewa "kwa sababu inachelewesha". Kama yenu iko hivyo, kosa lenu ni jipya kabisa na halihusiani na zamu iliyopita.

Wakati wa kushusha, mmoja avute upande wa miguu na mwingine asimame ubavuni, macho kwenye loki, mkono kwenye fremu. Huyo wa pili ndiye anayesema "imeshika", na ndoano haifunguliwi kabla hajasema. Uzito wa mwisho ambao machela inaweza kubeba nao usomwe kwenye kibandiko chake, na mtungi wa oksijeni na monita mlivyovipandisha juu vinahesabiwa humohumo.

Monita kuwekwa juu ya miguu ya mgonjwa ni mazoea mabaya hata machela ikiwa nzima. Kiwango cha Ulaya cha magari ya wagonjwa, EN 1789, kinataka kila kifaa kishikiliwe kiasi cha kuhimili mara 10 ya uzito wake. Mtungi wa kilo 14 ukichomoka gari likigonga ni kama kilo 140 zinazoruka kuelekea kichwa cha nesi. Kamba ya mpira ya kufungia mizigo bodaboda haihesabiki.

Na tukiwa kwenye mitungi, maana kesi ya pili inayowapata wahudumu ni oksijeni kuisha njiani: chukua bar (kipimo cha presha) zinazosomeka, toa 20 za akiba, zidisha kwa ujazo wa mtungi kwa lita, kisha gawa kwa lita anazopewa mgonjwa kwa dakika. Mtungi wa lita 10 ukisoma bar 100 una lita 800 za kutumia. Kwa maski yenye mfuko, lita 15 kwa dakika, hizo ni dakika 53. Kutoka Mkuranga kwenda Muhimbili jioni na foleni ya Mbagala, hazitoshi. Andika bar ulizoondoka nazo. Valvu ifunguliwe taratibu, mikono isiwe na mafuta wala losheni, kwani oksijeni ya presha kubwa na mafuta hushika moto bila kiberiti.

Kuhusu kuandika: "machela mbovu" haina thamani. Andika: "Saa 1:10 asubuhi. Loki ya kushoto, upande wa kichwa. Majaribio 3, imeachia 2. Msimamizi wa zamu amepigiwa saa 1:15, ameagiza gari litoke." Bandika kibandiko chekundu kwenye machela. Sentensi ile ya agizo la msimamizi inahamishia sehemu ya mzigo kwa aliyeagiza, na mara nyingi ukimsomea kabla hujaiandika atabadili agizo.

Kwa sasa, machela hiyo isiguswe na fundi. Itengwe, ipigwe picha loki ikiwa jinsi ilivyo, namba ya kifaa iandikwe, na taarifa ya tukio iende TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kupitia fundi vifaa tiba wenu. Fomu ya mgonjwa msiongeze hata nukta. Kama kuna lililosahaulika, liandikwe kwenye karatasi tofauti kwa saa na tarehe ya leo. Kisha ombeni kwa maandishi nakala ya kumbukumbu za matengenezo ya machela hiyo. Kama hakuna hata ukurasa mmoja, peleka barua ya kupinga makato ukiambatanisha ombi hilo na jibu mlilopewa.