Uhamaji, uhamiaji na balaa la "kupelekea"

Swali: Kazi yangu ni kuandika kwa Kiswahili muhtasari wa mijadala ya Bunge la Uingereza. Safari hii nimepewa mijadala mitatu: uhamiaji, watoto wanaochelewa kugunduliwa kuwa wana kisukari, na sera ya ulinzi. Mhariri wangu amefuta "uhamaji" kila nilipoliandika na kuweka "uhamiaji", na juu yake ameniandikia kwamba nirudi shule. Je, maneno haya yana tofauti, au huu ni ubishi wa bure? Nimeambatanisha rasimu ili ujionee. Pia, je, ni lazima niandike "Mheshimiwa" kabla ya kila jina?

Jibu: Tofauti ipo, na mhariri wako ana haki, ingawa adabu hana. Kuhama ni kuondoka mahali ulipokuwa ukiishi. Kuhamia ni kwenda kukaa mahali papya. Kauli ya kutendea ndiyo inayomgeuza mtu uso, kutoka alikotoka kuelekea aendako. Bunge la nchi inayopokea wageni hujadili uhamiaji, kwa sababu linataka kujua nani anaingia, kwa ruhusa ya nani, na atakaa muda gani. Uhamaji ni neno pana zaidi, nalo hufaa pale unapozungumzia wafugaji, ndege, au watu wanaoondoka mashambani kwenda mijini, bila kusimama upande wa anayeaga wala wa anayepokea. Kwa kuwa unaandika pia kuhusu ulinzi, jihadhari usichanganye kuhama na kuhami, ambalo limetoka Kiarabu na ni ndugu wa himaya. Maneno hayo mawili hayana ujamaa wowote, ingawa ukiwasikiliza baadhi ya wabunge utadhani mjadala wa kuhamia na mjadala wa kujihami ni mmoja.

Swali lako limekwisha. Sasa naomba uniruhusu nieleze kwa nini rasimu yako imenitoa jasho, kwani ndani yake nimekutana na kitenzi ambacho nimekuwa nikikikimbia kwa muda mrefu, nacho kimenifuata hadi mezani. Unaandika: "Uamuzi wa Mahakama ya Juu ulipelekea Bunge kupitisha sheria ya Rwanda." Unaendelea: "Upungufu wa insulini unapelekea mtoto kupoteza fahamu." Kisha unamalizia: "Ongezeko la matumizi ya ulinzi limepelekea misaada ya nje kupungua." Mijadala mitatu, wizara tatu, mambo yaliyo mbali kama mbingu na ardhi, na yote umeyatwisha kitenzi kimoja. Mhariri wako, aliyekuwa mkali kwa herufi moja ya "uhamaji", ameyapita haya yote bila kukohoa.

Peleka ni kuchukua kitu kutoka hapa na kukifikisha kule. Pelekea ni kumfikishia mtu kitu hicho. Kitenzi hiki kwa hiyo kinadai washiriki watatu: mpelekaji, kinachopelekwa na anayepelekewa. "Muuguzi amempelekea mtoto insulini" ni sentensi isiyo na deni, kwa sababu yupo muuguzi, ipo insulini, na yupo mtoto anayeingojea. Sasa tazama yako. Mpelekaji ni upungufu, yaani kitu kisichokuwepo, ambacho hata hivyo kimepata mikono na miguu. Mzigo wake ni kupoteza fahamu. Mtoto, ambaye hakuagiza chochote, anasimama mlangoni kupokea.

Tuzikutanishe sentensi zote mbili katika aya moja, kama zinavyokutana kila siku katika habari za afya: "Upungufu wa insulini ulimpelekea mtoto kuzirai, ndipo muuguzi alipompelekea insulini, jambo lililopelekea mtoto kuzinduka." Kitenzi kilekile kimeangusha, kimeokoa na kimeamsha. Msomaji asiyejua insulini ni nini hawezi kutambua katika sentensi hii ni kitu gani kilicholeta madhara na ni kitu gani kilicholeta nafuu, kwa kuwa vyote vimevalishwa sare moja. Na tafadhali litazame hilo "jambo lililopelekea", ambalo sasa limekuwa gundi ya kubandikia sentensi yoyote nyuma ya nyingine. Jambo gani? Kuzirai? Kupelekewa dawa? Muuguzi mwenyewe? Mwandishi hajui, na ndiyo maana ameandika "jambo".

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tumefanya umaskini huu tukiwa matajiri. Kiswahili kina kauli ya kutendesha, inayokitia kisababishi ndani ya kitenzi chenyewe, kiasi kwamba huhitaji kutafuta mchukuzi wa nje. Chukua huo mjadala wa kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili wa mtoto imeziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila insulini sukari haiingii katika seli, bali hubaki ikizunguka katika damu hadi figo zinapoitoa pamoja na maji mengi. Sukari hiyo humkojoza mtoto usiku na mchana, humkausha, humtia kiu isiyokatika, humchosha na kumkondesha. Mwili unapokosa sukari ya kuchoma huchoma mafuta, na mafuta yakichomwa kwa wingi huijaza damu ketoni zenye asidi, ambazo humtapisha, humfanya aheme kwa kina na kwa haraka, humlegeza na mwishowe humzimisha. Nimeieleza njia nzima, kutoka kongosho hadi kuzimia, bila kumpelekea mtu kitu, na kila hatua inaonyesha ni kipi kimefanya nini.

(Nchini Uingereza shirika la Diabetes UK huwakumbusha wazazi dalili nne ambazo kwa Kiingereza zote huanza na herufi T. Kwa Kiswahili ni kukojoa, kuona kiu, kuchoka na kukonda, zote zikianza na K. Nisisifiwe kwa ugunduzi huo, kwani katika lugha ambayo kila kitenzi hutajwa kwa "ku-" huo ni ufundi wa bei rahisi mno, lakini dalili ndizo hizo.)

Kuna mahali katika rasimu yako ambapo kitenzi hiki hakiishii kuwa kibaya tu, bali kinadanganya. Umeandika: "Kuchelewa kupimwa kunapelekea kisukari kwa watoto kuwa hatari." Msomaji mwenye haraka, na wasomaji wote wana haraka, atasoma hadi neno "watoto" na kuridhika kwamba kuchelewa kupimwa ndiko kunakoleta kisukari. Mzazi ambaye tayari anasimangwa kwamba pipi ndizo zilizomponza mwanawe, jambo ambalo si kweli kwa kisukari cha aina ya kwanza, sasa anabebeshwa na hilo. Wabunge walichokuwa wakisema ni kingine kabisa: mtoto huyu tayari anaugua, dalili zake zinafanana na za maradhi madogo ya utotoni, na tone moja la damu kutoka kwenye ncha ya kidole lingeonyesha kwa sekunde chache kwamba sukari imepanda. Asipopimwa mapema, asidi hupata muda wa kujaa. Andika hivyo: "Mtoto akicheleweshewa kipimo, asidi hupata muda wa kujaa katika damu." Kitenzi "cheleweshewa" chenyewe kinasema kwamba yupo aliyechelewesha, na hilo ndilo lililowapandisha wabunge jukwaani.

Nenda sasa kwenye ulinzi. Mwezi Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alilitangazia Bunge kwamba matumizi ya ulinzi yangepandishwa hadi asilimia 2.5 ya pato la ndani ifikapo mwaka 2027, na kwamba fedha hizo zingetoka katika misaada ya nje, ambayo ingeshushwa kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3. Huo ni uamuzi, na una mwenyewe. Ulipoandika kwamba "ongezeko la matumizi ya ulinzi limepelekea misaada ya nje kupungua", umemfuta mwamuzi, na misaada imebaki ikijipungukia yenyewe kama maji mtungini. Uhusiano wa mambo haya mawili hata si wa sababu na matokeo, bali ni wa nia: "Serikali imepunguza misaada ya nje ili ipate fedha za ulinzi." Kiunganishi "ili" kina herufi tatu tu, na kina ujasiri ambao "kupelekea", kwa urefu wake wote, hakijawahi kuwa nao. Anayeunga mkono hatua hiyo na anayeipinga wote wanaweza kuisoma sentensi hiyo na kukubali kwamba ndicho kilichotokea, halafu wakagombana juu ya ubora wake.

Kuhusu Rwanda mambo ni mabaya zaidi. Mwezi Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda ulikuwa kinyume cha sheria. Serikali ya wakati huo haikukubali yaishe. Ilitunga muswada wa kuitangaza Rwanda kuwa nchi salama, nao ukapita mwaka 2024, kabla ya serikali iliyoingia Julai mwaka huohuo kuutupa mpango wote. Wewe unasema uamuzi wa Mahakama "ulipelekea" Bunge kupitisha sheria, kana kwamba majaji waliwashika wabunge mkono na kuwaongoza. Kinyume chake ndicho kilichotokea: sheria ilitungwa kuukwepa uamuzi wa majaji. Andika: "Mahakama ilipoukataa mpango huo, serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kuukwepa uamuzi." Utaona kwamba hapo kitenzi peleka kimepata kazi yake ya halali, kwa sababu muswada hupelekwa Bungeni kweli, na upo unaoweza kushikwa mkononi.

Ubishi wa bungeni, kwa sehemu kubwa, ni ubishi juu ya vitenzi vya namna hii. Upinzani unasema sera fulani imesababisha uhaba wa nyumba. Waziri anajibu kwamba imechangia. Mbunge wa viti vya nyuma, asiye na wadhifa serikalini, anadai kwamba mambo hayo mawili yametokea kwa pamoja tu. Mwingine anasema sera imechochea tatizo lililokuwepo tangu zamani. Hizo ni hoja nne tofauti, na watu hupoteza nyadhifa kwa tofauti hiyo. Mfasiri anayeandika "imepelekea" katika sentensi zote nne amewapatanisha wabunge kwa nguvu, na msomaji wake atashangaa walikuwa wakizozana kuhusu nini tangu asubuhi.

Najua utetezi utakaoletwa. Utasema mbona tunakubali "mvua imeleta maafa", ilhali mvua nayo haina mikono? Ni pingamizi zuri, na silikwepi. Tunakubali pia "ulevi umempeleka kaburini", na mimi mwenyewe ningesema "kisukari kilimpeleka hospitali" bila kusita. Lakini angalia umbo: leta kimepata kitu cha kuleta, na peleka kimepata mtu wa kupelekwa na mahali pa kumfikisha. Sitiari imesimama kwa sababu sarufi yake ni nzima. Katika "limepelekea misaada ya nje kupungua" hakuna mtu wala mahali. Kuna sentensi nyingine iliyosukumwa ndani ya kitenzi kama mgeni aliyeingizwa kwa dirishani. Umbo hili limekopwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, ambako jambo moja husemwa kuwa linaongoza kwenda kwenye jingine, na aliyelikopa hakuuliza kama sisi tulikuwa na letu.

Ningependa kusema kwamba vita hivi nitavishinda, lakini macho ninayo. Kitenzi hiki kimo katika tasnifu, katika hotuba, na katika vitabu vya kiada vinavyomfundisha mwanafunzi asikitumie vibaya kitenzi kingine. Katika mazungumzo ya kawaida na katika taarifa ya habari inayosomwa mbio nimeshanyoosha mikono. Apeleke anayepelekea, nami nitanywa chai yangu. Katika muhtasari wa mjadala wa Bunge sikubali, kwa sababu msomaji wako amekuja kujua nani kafanya nini na kwa nini, na hiki ni kitenzi kinachojibu "sijui" kwa sauti ya mtu anayejua.

Mawili madogo kutoka rasimu hiyohiyo. "Uhamiaji halisi" si Kiswahili cha tofauti kati ya idadi ya walioingia na ya waliotoka. Ni Kiswahili cha uhamiaji usio bandia, na sijui ule wa bandia unafanyikaje. Andika "tofauti ya walioingia na waliotoka", hata kama itakula nafasi. Na "wahamiaji haramu" ningekuomba uliache. Haramu ni tendo au kitu, na lugha yetu ilipolibandika neno hilo kwa mtu ilitupatia "mwanaharamu", tusi ambalo halina kazi katika muhtasari wa Bunge. "Walioingia bila kibali" linasema linachosema na halimtukani mtu.

Ama kuhusu "Mheshimiwa", liandike mara moja, mbunge anapotajwa kwa mara ya kwanza, kisha liache lipumzike. Wabunge wa Uingereza wenyewe hawaitani kwa majina ukumbini. Husema "Mheshimiwa Mbunge wa" jimbo fulani, na jina huongezwa katika mabano na waandishi wa Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge hilo, ili msomaji asipotee. Wewe mfuate Hansard katika jina, na usimfuate mbunge katika heshima.