Usivae kofia mbili kwenye shauri la mwenzako wa chumbani

Mdogo wangu, hiyo fomu ya kujitolea usiijaze kabla hujasoma tena sentensi yako ya mwisho. Umesema chuo chenu hapo Arusha kinatafuta wanafunzi na watumishi wa kujitolea katika kamati ya nidhamu, ukauliza kama kuna posho, kazi inachukua muda gani, na kama cheti chake kinamfaa mtu anapotafuta ajira. Kisha ukadokeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba mwenzako wa chumbani ameitwa mbele ya kamati hiyohiyo kwa tuhuma za mtihani, na kwamba utamsaidia kuandika maelezo yake halafu uingie kikaoni kama mjumbe ili haki itendeke. Usithubutu.

Nilikuwa mtumishi wa maktaba katika chuo kimoja mjini Moshi, nikijitolea pia kama mlezi wa bweni la wavulana. Kijana mmoja wa bweni hilo alikutwa na karatasi yenye maandishi ya somo chini ya dawati lake wakati wa mtihani, na usiku wa kuamkia kikao akaniletea barua ya wito pamoja na maelezo aliyoandika. Alinieleza kwamba dawati lilikuwa likiyumba, na kwamba karatasi ile aliikuta imekunjwa na kuwekwa chini ya mguu wake na mtu aliyelitumia kabla yake. Jirani yake wa kushoto aliiona hata kabla maswali hayajagawiwa. Nilimwamini. Hata hivyo nikamshauri aifute habari ya mguu wa dawati, kwa kuwa niliiona kama kichekesho ambacho kamati ingekidharau, na badala yake nikamwandikia aya nzuri kuhusu tabia yake njema na mahudhurio yake darasani. Kiswahili cha aya ile kilikuwa safi mno. Ndicho kitu pekee ninachoweza kujisifia katika mkasa huu wote.

Asubuhi nikaketi mezani kama mjumbe wa kamati ya nidhamu. Shauri lilipoanza kumwelemea kijana nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza msimamizi wa mtihani kama alikagua mguu wa dawati. Alinitazama, akafunua jalada ukurasa baada ya ukurasa, akauliza kwa upole ni wapi palipoandikwa habari ya mguu. Hapakuwa popote. Kijana aliachiwa kwa kura nyingi, tukapeana mikono, na idara ikakata rufaa. Uamuzi ukatenguliwa kwa kuwa nilikuwa nimevaa kofia mbili, ya msaidizi na ya mjumbe, shauri likaamriwa kuanza upya mbele ya wajumbe wengine. Kufikia wakati huo dawati lilikuwa limekwisha kupelekwa kwa fundi, jirani wa kushoto alikuwa amemaliza masomo na hapatikani, na utetezi wa kweli wa kijana, ambao haukuwamo katika maelezo yake ya kwanza, ukaonekana kuwa hadithi niliyomtungia mimi. Alisimamishwa masomo mwaka mzima.

Nilijitetea kwamba wakati wa kujadili uamuzi nilinyamaza kimya. Wakili mmoja wa hapa Moshi alicheka, akanisimulia shauri la Sussex, Uingereza, la mwaka 1923: mwendesha pikipiki alitiwa hatiani baada ya ajali, na karani aliyeingia faragha na mahakimu alikuwa wa ofisi ya mawakili iliyomwakilisha mtu aliyekuwa akimdai fidia kwa ajali hiyohiyo. Mahakimu hawakumuuliza karani neno lolote, naye hakusema lolote, lakini hukumu ilitenguliwa, kwa sababu haki haitoshi kutendeka tu, lazima pia ionekane imetendeka. Nasi hatuna haja ya kuiazima Uingereza peke yake: Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, si mahakamani tu bali hata mbele ya chombo kingine kinachoamua haki na wajibu wake.

Sasa nimfikie katibu wa kamati ile. Nilimwambia mapema, kwa mdomo, kwamba mtuhumiwa ni kijana wa bwenini kwangu. Akanijibu kuwa sisi chuoni ni familia moja, nisijali, tena ni vizuri kuwa na mjumbe anayemfahamu. Rufaa ilipofika, mzee huyohuyo aliandika kwamba hakuwa na taarifa yoyote ya uhusiano wetu. Kanuni za nidhamu alikuwa nazo kabatini, zimefungwa kwa kamba, na sina ushahidi wowote kwamba kamba ile iliwahi kufunguliwa.

Kuhusu posho, mimi nilipewa soda na sambusa, na sambusa nikamwachia mwenyekiti kwa heshima.

Kwa hiyo chagua. Ukiwa msaidizi wa mwenzako, soma naye tuhuma, mhimize aandike kila alichokiona hata kama kinachekesha, tafuteni mashahidi kabla hawajatawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo, keti pembeni yake kikaoni. Kama unaruhusiwa kuzungumza au la, kanuni za chuo chenu zitakuambia. Ukiwa mjumbe, ujue yaliyomo jaladani na yaliyosemwa kikaoni, basi. Akianza kukusimulia usiku, mzuie kabla hajafika katikati. Na kwa kuwa mnaishi chumba kimoja, nionavyo mimi hilo la pili limekwisha kukuponyoka kwa shauri hili. Mashauri mengine yatakuja.

Kesho andika barua kwa katibu, aya moja inatosha: taja uhusiano wenu na useme unajitoa katika shauri hilo. Usimwambie kwa mdomo. Ipeleke masijala, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe kabla hujaondoka dirishani.