Kipanga haulizi

Darasani waliniita kipanga. Jina tamu, ila lina kodi yake: kipanga hanyooshi mkono kuuliza. Ukiniuliza enzi hizo nasomea nini, ningekwambia napenda hesabu, na kweli nilizipenda. Lakini nikipata 90 na jirani yangu akapata 92, siku yangu imekwisha. Nilisoma ili nisipitwe.

Nilipoingia chuo nikakuta darasa zima limejaa vipanga wa huko walikotoka. Wiki ya tatu mwalimu wa takwimu akasema unapopima mtawanyiko wa sampuli, yaani namba chache ulizochukua zimesambaa kiasi gani kutoka kwenye wastani wake, hugawanyi kwa idadi ya namba ulizo nazo, unagawanya kwa idadi hiyo kasoro moja. Kwa nini kasoro moja? Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, wote wameinama wanaandika. Nami nikainama nikaandika.

Muhula ule nilisoma saa nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yangu, na nikaelewa kidogo kuliko wakati wowote. Nakesha, nakariri, mtihani ukipita kichwani hamna kitu. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane na watu wa kuniuliza nimepata ngapi. Usingizi ukakata. Nilidhani tatizo langu ni uvivu, nikajiongezea ratiba.

Baadaye nilipokuja kusoma maandishi ya wataalamu wa saikolojia ya elimu ndipo nilipojiona. Wao hutenganisha mambo ambayo sisi tunayaita yote "bidii". Kuna anayetaka kulimudu somo, kuna anayetaka aonekane analimudu, na kuna anayeogopa kugundulika kwamba halimudu. Kwa nje wote watatu wanakesha na vitabu. Yule wa tatu ndiye anayeandamwa na wasiwasi, na ndiye anayekwepa kuomba msaada hata pale anapouhitaji. Nilikuwa yeye.

Kilichonitoa hakikuwa kitabu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, wa kawaida tu kwa alama, ambaye siku moja tulipokuwa kwenye diskasheni alifunga daftari akasema, "Jamani, hii ya kasoro moja mimi sijaielewa tangu siku ya kwanza." Kimya. Kisha mmoja akacheka, akasema hata yeye. Tukawa watano mezani na hakuna aliyejua! Tuliihangaikia jioni nzima mpaka tukaona: ukishaukokotoa wastani kutoka kwenye namba zilezile, ile ya mwisho haina tena uhuru wa kuwa chochote, zilizotangulia zimeshaifunga. Sijaisahau mpaka leo.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaomwambia mwanafunzi aachane na marafiki "azingatie masomo". Hamu ya kukubalika na wenzako haizimiki kwa amri. Edward Deci na Richard Ryan, waliotumia miaka mingi kuchunguza kinachomsukuma mtu, huiweka miongoni mwa mahitaji matatu ya msingi: kujiona una hiari, kujiona unaweza, na kujiona una watu. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti uliofanyika katika chuo kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisomeshwa maelezo ya waliowatangulia, kwamba kujihisi mgeni chuoni ni jambo la wengi na hupita. Kazi ya kama saa moja tu. Kwa wanafunzi weusi, alama zilipanda katika miaka mitatu iliyofuata ukiwalinganisha na wenzao ambao hawakupewa maelezo hayo, na wao wenyewe wakaripoti afya bora. Nilipousoma nilimkumbuka mwenzetu na daftari lake.

Kwa hiyo ukitafuta kundi la kujisomea, usitazame nani ana alama kubwa. Tazama kinachotokea mtu akikosea. Akichekwa, ondoka, hata kama meza nzima ni vipanga. Na uliza swali lako la kwanza mapema, wiki za mwanzo, kabla hujapewa jina la kulilinda. (Diskasheni nazo zina hila zake. Niliwahi kuwa kwenye moja ambayo kwa mwezi mzima tulimsengenya mwalimu, basi.) Mazoezi yenyewe utayafanya peke yako, hapo hakuna rafiki wa kukubebea.

Mzazi, "umekuwa wa ngapi?" tuiweke kando kidogo. Muulize kipi kilimsumbua leo, kisha usikimbilie kumtatulia. Zawadi nazo zina namna yake: mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora, na siku za baadaye watoto hao wakawa wanachora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua. Na kama mtoto halali wiki baada ya wiki, au anajifungia, hilo ni la kumpeleka kwa mshauri nasaha, ratiba mpya haitalitibu.

Mimi alama hazikupaa. Muhula uliofuata zilipanda kidogo tu, na kuna somo moja nililolirudia. Kilichorudi kwanza kilikuwa usingizi.