Umeajiriwa, lakini ofisi huioni

Anayeanza kazi ofisini hufundishwa na masikio yake kabla hajafundishwa na mtu. Anasikia nani huulizwa nini, mteja gani ni msumbufu, na bosi akisema "leo" ana maana ya saa sita au ya jioni. Ukianza kazi ukiwa nyumbani, hayo yote huyapati. Nimeanza kazi za namna hii zaidi ya mara moja, na karibu kila ninachomshauri mgeni kinatoka hapo: yale ambayo ungeyasikia bila kuuliza, sasa lazima uyatafute mwenyewe.

Siku za mwanzo zitaliwa na akaunti na nywila. Andika orodha ya mifumo yote unayotakiwa kuingia, weka alama kwenye iliyokukatalia, uitume yote kwa mkupuo kwa watu wa TEHAMA. Kisha, wakati unasubiri, soma. Wageni wengi huishia kwenye miongozo rasmi, ambayo mara nyingi imepitwa na wakati. Fungua chaneli ya timu yako, iwe ni kwenye Slack, Microsoft Teams au programu nyingine ya kuandikiana kazini, urudi nyuma miezi kadhaa. Utajua nani hujibu upesi, nani hujibu kwa neno moja lakini ndiye mwenye jibu, na mradi upi ulikufa na kwa nini. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Litakuepusha kupendekeza kwa bashasha kitu ambacho wenzako walishakizika.

Ukitaka kujua kampuni isiyo na ofisi hulazimika kuandika mambo gani, GitLab, kampuni ya programu za kompyuta, wameweka kitabu chao cha mwongozo wazi kwenye intaneti, kuanzia jinsi vikao vinavyoendeshwa hadi jinsi likizo zinavyoombwa. Kipitie hata kama huajiriwi nao. Utapata mambo ya kuuliza huko kwako ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaandika.

Sasa maswali, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza muda. Mgeni ama anakaa na tatizo nusu siku akiona aibu, ama anamwandikia mtu mmoja faraghani: "Habari, samahani, una nafasi?" Halafu anangoja. Mwenzake yuko kikaoni, anauona ujumbe baada ya saa mbili, anajibu "Ndiyo, sema", na muulizaji ameshatoka kwenda kula. Jua linazama na swali lenyewe halijaulizwa. Salamu isiachwe, ila iende pamoja na shida yako, kwa mfano hivi:

"Habari za asubuhi. Naandaa ripoti ya mauzo ya Machi. Jumla ya Februari ninayoipata kwenye mfumo haifanani na ile ya ripoti ya mwezi uliopita. Tofauti iko kwenye bidhaa zilizorudishwa. Mwongozo hausemi kama zinatolewa kwenye hesabu. Nadhani zinatolewa, na nitaendelea hivyo isipokuwa mtu aniambie vinginevyo."

Ujumbe huu unaonyesha unafanya nini, umekwama wapi na umeshatazama wapi. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu: kazi yako haisimami, na anayejua anahitaji kuandika "sawa" tu. Lakini ikiwa ni jambo la kutoa pesa, au kitu kitakachomfikia mteja, usiendelee kwa kudhani. Subiri jibu.

Swali hilo liulize kwenye chaneli ya timu, si faraghani. Hapo yeyote mwenye nafasi anaweza kujibu, na atakayeajiriwa baada yako atalikuta. Najua hofu iliyopo, kwamba utaonekana hujui kitu. Wewe ni mgeni, hujui, na kila mtu analifahamu hilo. Ruhusa hiyo haidumu. Baada ya nusu mwaka swali lilelile litawafanya watu watazamane, kwa hiyo itumie mapema. Mimi hujiwekea nusu saa ya kuhangaika peke yangu, ikipita nauliza. Ukishajibiwa, nenda ukaujaze mwongozo palipokuwa na pengo. Wenyeji walishazoea, pengo hilo hawalioni tena.

Kuhusu kuonekana uko kazini, usihangaike kulinda kile kitone cha kijani kinachoonyesha kwenye programu kwamba uko mtandaoni. Mistari mitatu jioni inatosha: nimemaliza hiki, nimekwama hapa, kesho nafanya kile.

Kama wenzako wako mabara mengine, angalia kalenda mwezi Machi na Oktoba. Sehemu kubwa ya Ulaya husogeza saa mbele au nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya miezi hiyo, ilhali sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katikati hapo kikao cha kila wiki kinaweza kuhama kwa saa nzima bila mtu kutangaza.

Limebaki la bosi. Wiki ya kwanza isiishe hujamuuliza: "Baada ya mwezi, utajuaje kwamba nimeishika kazi?" Wengine wana jibu tayari, nawe liandike umrudishie kwa barua pepe alithibitishe. Wengine watasema "usijali, unaendelea vizuri." Hilo si jibu. Mwombe kazi moja ndogo yenye mwanzo na mwisho, ya kumalizika ndani ya siku chache, na ukiimaliza mwombe aikague mkiwa kwenye simu ya video mnatazama skrini moja. Maoni ya maandishi atayafupisha mpaka yasikusaidie. Akiwa anaongea, atakueleza pia kwa nini.