Kolesteroli Iliyooksidishwa na Kuzeeka kwa Mwili: Maswali Yenu

Swali: Nimeambiwa kolesteroli yangu iko juu. Je, ndiyo hiyo iliyooksidishwa?

Jibu: Sivyo, ingawa mambo hayo mawili yanahusiana. Kipimo cha kawaida cha damu huonyesha kiasi cha kolesteroli, wala hakionyeshi ni ipi iliyoharibiwa na oksijeni. Kolesteroli yenyewe si sumu, kwani kila seli huihitaji katika utando wake. Lakini chembe za LDL zinazoibeba katika damu zikizidi hupenya na kukwama katika kuta za ateri, na huko ndiko hasa zinakooksidishwa.

Swali: Uzee unahusikaje?

Jibu: Makrofaji, yaani seli za kinga zinazozoa taka, humeza LDL iliyooksidishwa bila kikomo, kwa sababu vipokezi vyake havipungui hata seli inapojaa kolesteroli. Hatimaye hugeuka seli za povu, na mrundikano wake huanzisha tabaka la mafuta linaloziba ateri. Zao la uoksidishaji huo linalonitia wasiwasi zaidi ni 7-ketokolesteroli, ambayo huvuruga lisosomu, vile vifuko vya kusagia taka ndani ya seli, huchochea inflamesheni, yaani uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili, na inaweza kuiua seli yenyewe. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja pete za atomi zinazounda kolesteroli; njia yake kuu ni kuipeleka kwenye ini itoke kwa nyongo, na kinachokwama kwenye tishu hulimbikizana kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana 7-ketokolesteroli imekutwa katika ateri zilizougua, na vilevile nyuma ya retina za wazee, eneo linalohusika na upofu wa uzeeni unaotokana na kuharibika kwa makula, sehemu ya katikati ya retina.

Swali: Je, huingia kwa chakula pia?

Jibu: Ndiyo, hasa vyakula vya asili ya wanyama vilivyokaushwa kuwa unga na kuhifadhiwa muda mrefu, au vilivyopashwa moto mkali.

Swali: Kila kolesteroli yenye oksijeni ya ziada ni adui?

Jibu: La, na ningependa jambo hili lieleweke vizuri. Kolesteroli haiwezi kuvuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, hivyo niuroni, yaani seli za neva za ubongo, huiongezea oksijeni kwa makusudi, ikawa 24-hidroksikolesteroli, ili ziada ipate kutoka. Hata hivyo, dada yake, 27-hidroksikolesteroli, huweza kuiga homoni ya kike ya estrojeni, na katika majaribio ya panya imekuza uvimbe wa saratani ya matiti.

Swali: Basi ninywe vitamini E ili kuzuia uoksidishaji huo?

Jibu: Matumaini hayo yalikuwa ya haki, lakini jaribio la HOPE, lililochapishwa mwaka 2000 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 9,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 4.5, halikuona vitamini hiyo ikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Kilichothibitika ni kupunguza LDL yenyewe, kuacha sigara na kudhibiti shinikizo la damu. Nakusihi usiache statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya vidonge hivyo.